Begi Halina Uso: Historia ya Begi la Ngumi na Sisi Wanawake



Miongoni mwetu wapo waliokwisha kutundika begi la ngumi nyumbani. Mmoja kalitundika uani, mwengine katika chumba cha mtoto aliyeolewa akahama, mwengine kwenye banda la kuni. Wanafunga mlango baada ya sala ya Alfajiri, wanapiga dakika ishirini, wanaoga, wanaanza siku. Na wapo wengi zaidi wanaotamani lakini wanasita, kwa sababu kila wanapolitaja neno "ngumi" wanajibiwa mambo matatu. La kwanza, ngumi ni za wanaume. La pili, dini imekataza. La tatu, Zanzibar yenyewe iliwahi kuzipiga marufuku.

Majibu hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana hatutaki kuyapita juu juu. Lakini yote matatu yanazungumzia pambano, yaani watu wawili wanaopigana. Begi ni jambo jengine. Lina historia yake, ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo limetumika kujenga mwili bila ya kumuumiza mtu. Leo tutaifuata historia hiyo tangu mwanzo, kisha tutarudi kwenye yale majibu matatu.

Gunia la mbegu za tini

Wagiriki wa kale waliliita korykos, neno lenye maana ya gunia la ngozi. Lilining'inizwa kutoka darini katika majengo ya mazoezi, na lilikuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Masihi, alipovitaja vyumba vinavyohitajika katika jengo la namna hiyo alitaja na chumba cha korykos.

Philostratus, aliyeandika kitabu juu ya mazoezi katika karne ya 3 baada ya Masihi, anaeleza mabegi mawili tofauti. La bondia liwe jepesi, kwa sababu linafundisha mikono tu. La mpiganaji wa pankration, mchezo uliochanganya ngumi na mieleka, liwe zito na kubwa zaidi, ili ajifunze kusimama imara linapomrudia. Aliyewahi kulisukuma begi zito na kulisubiri lirudi anajua maana ya maneno hayo. Miguu, tumbo na mgongo ndivyo vinavyobeba kazi, mikono inafuata.

Maelezo yanayotugusa zaidi lakini ni ya tabibu. Antyllus, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliandika juu ya korykos kwa utulivu ule ule ambao mtu angeandika juu ya dawa na vipimo vyake. Maandishi yake yametufikia kwa sababu Oribasius, tabibu wa Mfalme Julian wa Roma katika karne ya 4, aliyakusanya ndani ya kazi yake kubwa ya utabibu. Antyllus anasema begi la mtu dhaifu lijazwe mbegu za tini au unga, na la mwenye nguvu lijazwe mchanga. Ukubwa wake ulingane na umri na uwezo wa mtu. Litundikwe hadi sehemu yake ya chini ifike usawa wa kitovu. Anayefanya mazoezi aanze kulisukuma polepole kwa mikono yote miwili, kisha aongeze nguvu kidogo kidogo, alifuate linapokwenda na alipishe linaporudi.

Katika maelezo hayo hamna mpinzani, wala mwamuzi, wala mshindi. Yupo mtu na begi lake, kwa kipimo chake. Tangu wakati ule, miaka karibu elfu mbili iliyopita, begi lilikwisha kuwa na kazi yake nje ya pambano.

Zawadi ya Dindia kwa binti yake

Majengo hayo ya mazoezi yalikuwa ya wanaume. Hata hivyo, mojawapo ya picha maarufu za begi la ngumi walizotuachia watu wa kale imechorwa juu ya kitu cha mwanamke.

Katika karne ya 18 mkusanyaji wa vitu vya kale aitwaye Francesco Ficoroni alipata chombo cha shaba nyeusi kilichofukuliwa Palestrina, mji ulio karibu na Roma. Ni chombo cha duara chenye mfuniko, cha karne ya 4 kabla ya Masihi. Vyombo vya namna hiyo wanawake waliwekea vioo, vitana na manukato yao. Juu ya mfuniko kuna maandishi yanayosema kwamba Dindia Macolnia alimpa binti yake, na kwamba fundi Novios Plautios alikitengeneza Roma. Leo kimo katika jumba la makumbusho la Villa Giulia.

Ubavuni mwa chombo hicho imechorwa hadithi ya mabaharia wa Argo waliofika nchi ya mfalme Amykos, aliyekuwa akiwalazimisha wageni wapigane naye ngumi kabla hawajapata maji ya kunywa. Mmoja wa mabaharia anaonekana akilipiga begi lililotundikwa, na kando yake yupo mzee mwenye tumbo kubwa anayemwigiza kwa kejeli.

Sisi tuliokulia katika nyumba zenye makasha ya Kizanzibari, yale ya misumari ya shaba ambayo mama humkabidhi binti, tunaielewa zawadi kama hiyo. Kila binti wa Dindia alipokwenda kuchukua kioo chake, yule kijana na begi lake walikuwa mbele ya macho yake. Na yule mzee wa kejeli naye alikuwapo. Wanaocheka watu wanaofanya mazoezi hawakuanza leo.

Kutoka London hadi Berlin

Ngumi tunazozijua leo zilikua London katika karne ya 18, na wanawake walikuwamo tangu mapema. Mwaka 1722 Elizabeth Wilkinson alitangaza gazetini kwamba anamwita Hannah Hyfield jukwaani. Sharti lake lilikuwa kila mmoja ashike sarafu katika kila ngumi, na wa kwanza kuiangusha ndiye aliyeshindwa. Sarafu ilizuia kukwaruzana, maana mkono ukifunguka tu inaanguka. Walipigana mikono mitupu, bila ya glavu.

Glavu zilikuja kupitia mazoezi. Jack Broughton, aliyeandika kanuni za mwanzo za ngumi mwaka 1743, aliwavisha wanafunzi wake mabwana wakubwa glavu, ili warudi majumbani na nyuso zao salama. Katika mapambano yenyewe glavu zilithibitishwa na kanuni za Queensberry za mwaka 1867. Kanuni hizo hizo ndizo zilizoweka raundi ya dakika tatu na mapumziko ya dakika moja. Ukisikia saa ya mazoezi kwenye simu yako inalia kila baada ya dakika tatu, hiyo ni London ya 1867 inayokufikia hapo uani kwako.

Kadiri mchezo ulivyopata kanuni na heshima, ndivyo wanawake walivyosukumwa nje ya ulingo. Kilichobaki wazi ni begi. Mwishoni mwa karne ya 19, Marekani ilipata homa ya kupiga begi kama burudani na mazoezi, mara nyingi mpira wa ngozi uliofungwa juu na kurudi kwa kasi. Majukwaa ya maonyesho ya muziki na vichekesho yaliajiri watu wa kulipiga kwa mdundo, wanawake wakiwamo. Belle Gordon alitangazwa kama bingwa wa wanawake wa kupiga begi, na mwaka 1901 kampuni ya Thomas Edison ilipiga filamu fupi ya madada wawili wa Gordon wakicheza ngumi.

Mfano tunaoupenda zaidi unatoka Berlin ya miaka ya 1920. Mturuki aitwaye Sabri Mahir, aliyekuwa bondia, alifungua mahali pa mazoezi ambapo waandishi na wasanii walikwenda kujinyoosha. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Vicki Baum, mwandishi wa riwaya iliyokuja kujulikana duniani kote, Grand Hotel. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba wanawake watatu au wanne tu walivumilia mazoezi ya Mahir, na kwamba Marlene Dietrich, mwigizaji wa filamu, alikuwa mmoja wao. Mahir aliwawekea wanawake mpaka mmoja. Hawakuruhusiwa kupigana ulingoni, wasije wakatoka na macho meusi na pua zinazovuja damu. Kupiga begi na mpira waliruhusiwa, na aliwafundisha kweli kweli, kwa hoja kwamba mwanamke hajui siku gani atahitaji kujitetea.

Mpaka ule aliouweka Mahir ndio ule ule ambao wengi wetu tungeuchagua leo kwa hiari yetu, na Baum hakuona kwamba umempunguzia kitu. Alikuwa mama wa watoto wawili mwenye kazi ya kuandika kila siku, na alisema kwamba pale ndipo alipojifunza kutokata tamaa mapema.

Milango ilivyofunguliwa

Wapo wanawake ambao begi peke yake halikuwatosha, nao walidai ulingo. Hatuwezi kuandika historia hii tukawaruka, kwa sababu begi linalouzwa leo kwa mwanamke bila ya mtu kushangaa ni matunda ya madai yao.

New York ilianza kutoa leseni kwa wanawake mwaka 1978, baada ya mabondia kama Cathy Davis, Jackie Tonawanda na Marian Trimiar kuidai kwa miaka. Sweden iliondoa marufuku ya ngumi za wanawake wasiolipwa mwaka 1988. Uingereza, Jane Couch alinyimwa leseni na bodi ya ngumi, na moja ya hoja zilizotolewa dhidi yake ni kwamba siku za mwezi humfanya mwanamke asiweze kujitawala. Alikwenda kwenye baraza la kazi akashinda mwaka 1998. Katika Olimpiki, wanawake walipigana kwa mara ya kwanza London mwaka 2012, na Nicola Adams wa Uingereza akawa wa kwanza kuchukua dhahabu.

Wakati huo huo, mamilioni ya wanawake waliokuwa hawana haja ya kupigana na mtu waliyachukua mazoezi ya mabondia na kuyaingiza sebuleni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kanda za video za Tae Bo, mazoezi ya Billy Blanks yaliyochanganya ngumi, mateke na muziki, zilienea duniani. Tae Bo ilikuwa ngumi za hewani. Begi lilifuata, kwa sababu hewa haikurudishii uzito, na misuli inahitaji kitu cha kuisukuma.

Mtandio na glavu

Kwa wanawake wa Kiislamu ilibaki kizuizi kingine, nacho ni vazi. Mwaka 2016 msichana wa Minnesota, Amaiya Zafar, alizuiwa kupigana katika mashindano Florida kwa sababu alivaa hijabu na kujisitiri mikono na miguu. Mpinzani wake, aliyepewa ushindi bila ya kupigana, alimfuata na kumpa mkanda, kwa maoni yake kwamba ushindi wa namna ile si halali yake. Mwaka uliofuata chama cha ngumi cha Marekani kilimruhusu, na mwaka 2019 shirikisho la kimataifa likabadilisha kanuni za mavazi kwa wote.

Kabul, wasichana wa Kiafghani walianza kufanya mazoezi ya ngumi mwaka 2007 katika uwanja wa Ghazi, mahali ambapo miaka michache nyuma watu walikuwa wakiuawa hadharani. Familia nyingi zilitishwa kwa sababu ya mabinti hao.

Na karibu zaidi nasi yupo Ramla Ali, aliyezaliwa Somalia, akakimbizwa na vita pamoja na familia yake wakapitia Kenya hadi London. Alikuwa akichekwa skuli kwa unene wake, na ndipo alipoingia darasa la mazoezi ya ngumi. Alitafuta afya tu. Aliificha familia yake kwa miaka kwamba amekuwa bondia. Mwishowe aliiwakilisha Somalia katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Msomali wa kwanza kupigana ngumi katika Olimpiki, mwanamume au mwanamke. Naye ndiye aliyeanzisha Sisters Club, madarasa ya bure London kwa wanawake wasiokuwa na mahali pa kujifunzia kwa sitara.

Kanda yetu pia haikukosa. Fatuma Zarika wa Kenya alimshinda Alicia Ashley mwaka 2016 akachukua mkanda wa dunia wa WBC, na akarudi Nairobi bingwa.

Kwetu visiwani

Sasa turudi nyumbani, na kwenye yale majibu matatu. Tuanze na la Zanzibar.

Ni kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964, katika uongozi wa Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, ngumi zilipigwa marufuku Unguja na Pemba. Marufuku hayo yalidumu zaidi ya nusu karne, hadi yalipoondolewa katika uongozi wa Rais Hussein Ali Mwinyi. Ng'ambo ya pili ya bahari, Dar es Salaam, ngumi ziliendelea kuwa mchezo mkubwa miaka yote hiyo, lakini vizazi viwili vya Wazanzibari vilikua bila ya kuuona ulingo. Ndiyo maana neno lenyewe linamshtua bibi yako. Kwake yeye ngumi ni kitu kilichokatazwa na serikali, na hakuwahi kuona begi ila katika filamu.

Lakini visiwa hivi havikuwa bila ya michezo ya nguvu. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba hadi wachoke, na wanawake waliopambika wakiimba pembeni, ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe. Ipo kirumbizi, ngoma ya fimbo. Ipo ngalawa, upo mpira. Sisi wanawake tumezoea kazi za nguvu bila ya kuziita mazoezi. Kutwanga mpunga kwa mchi, kuchota maji kisimani, kufuata mwani pwani maji yakitoka, hizo zilikuwa bega, mgongo na mapaja kila siku. Zilipopungua, na mpunga ukaja umekobolewa na maji yakaja kwa bomba, mwili ulibaki na chakula kile kile bila ya kazi ile. Sukari na presha zimeingia katika nyumba zetu kwa mlango huo. Hakuna kati yetu asiyekuwa na mama au shangazi anayekunywa dawa ya moja kati ya hizo.

Kwa hiyo marufuku yale yalikuwa ya mapambano. Hayakuwa hukumu juu ya mwanamke anayetoa jasho uani kwake, na leo hata hayo yameondoka.

Suala la dini

Jibu la dini linahitaji adabu zaidi, na sisi si masheikh. Tunaloweza kufanya ni kueleza lililosemwa. Mtume (S.A.W.) alikataza kupiga uso, hata katika ugomvi. Juu ya msingi huo, na kwa sababu ya madhara kwa macho na ubongo, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka katika kikao chake cha mwaka 1987 lilisema kwamba ngumi kama zinavyochezwa leo ulingoni hazijuzu. Wapo Waislamu wengi waliopigana na wanaopigana, na majina tuliyoyataja juu ni ushahidi. Hukumu yao tunamwachia Mola wao.

Lakini soma sababu zilizotajwa: uso, jicho, ubongo, kumdhuru ndugu yako. Begi halina uso. Halina mama anayelia nyumbani. Kila kilichokatazwa katika pambano kinamhusu mtu wa pili, na mbele ya begi hayupo mtu wa pili. Kwa upande wa pili, tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Mama Aisha (R.A.), na kwamba alimkumbusha swahaba aliyejichosha kwa ibada kuwa hata mwili una haki yake. Mwenye shaka binafsi amuulize mwanachuoni anayemwamini, na aulize swali sahihi. Asiulize "Ngumi zinajuzu?" Aulize "Mazoezi ya kupiga begi, nyumbani kwangu, kwa sitara, yana tatizo?"

Usilipe begi jina la mtu

Hapa tuna onyo, kwa sababu ushauri mbaya umeenea. Utasikia: "Shoga, ukiudhiwa kalipige begi, fikiria ni yeye, utapoa." Mwaka 2002 mtafiti wa saikolojia Brad Bushman aliupima ushauri huo kwa wanafunzi mia sita wa chuo kikuu Marekani. Waliudhiwa kwa makusudi, kisha kundi moja likapiga begi huku likimfikiria aliyewaudhi, kundi jengine likapiga likifikiria afya ya mwili, na kundi la tatu likakaa kimya. Waliompiga "mtu" katika begi ndio waliotoka na hasira zaidi. Waliokaa kimya walikuwa wametulia kuliko wote katika ubaya wa kulipiza.

Hilo halikutushangaza. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba mwenye nguvu hapimwi kwa kuwaangusha watu katika mieleka. Anapimwa kwa kujizuia nafsi yake anapokasirika. Basi ukiwa na hasira, tawadha kwanza, kaa chini. Ukienda kwenye begi nenda kwa ajili ya moyo, mabega na usingizi wako. Usilipe jina la mume, wifi wala mkubwa wako wa kazi.

Kulitundika nyumbani

Kwa aliyekwisha kuamua, historia yenyewe inatosha kuwa mwalimu.

Kujaza. Antyllus alikuwa sahihi kwamba anayeanza asipige mchanga. Mchanga hushuka chini ukawa mgumu kama jiwe, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, kanga na madera yaliyochakaa, vilivyokatwa vidogo na kushindiliwa sawasawa, vinatosha. Gunia imara ndani ya gunia jengine, likashonwa mdomo, linafanya kazi. Wengi hukadiria uzito wa begi kwa nusu ya uzito wa mwili wa anayelipiga. Anayeanza anaweza kuchukua chini ya hapo.

Kutundika. Begi linalocheza huvuta zaidi ya uzito wake. Walio katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wasitundike kwenye boriti za zamani bila ya fundi kuzikagua. Boriti za mikoko huoza kwa ndani maji yakipenya darini, na sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib ilivyoanguka Desemba 2020. Tawi nene la mwembe uani au fremu ya chuma iliyochomelewa ni salama zaidi.

Mikono. Wagiriki walijifunga mikanda ya ngozi mikononi muda mrefu kabla ya glavu. Jifunge bandeji kuanzia kifundo hadi kwenye vifundo vya vidole, kisha vaa glavu. Kidole gumba kikae nje ya ngumi, mkono unyooke sawa na kifundo, na piga kwa vifundo viwili vya mwanzo. Anza kusukuma kabla ya kupiga, kama alivyoagiza yule tabibu.

Muda. Wanawake wa Olimpiki ya 2012 walipigana raundi za dakika mbili. Nawe anza na hizo: dakika mbili kazi, dakika moja pumzi, mara nne au tano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika ishirini za begi, siku nne, zinakufikisha humo. Mwenye mimba, mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo na aliyejifungua karibuni azungumze na daktari kabla, wala asione haya kuuliza.

Vazi. Ukiwa peke yako ni hiari yako. Ukiwa na watu, suruali pana, fulana ndefu na mtandio wa kufunga nyuma bila ya pini. Dera liache kamba, litakunasa miguuni.

Kwa yule dada aliyeambiwa kwamba ngumi ni za wanaume, jibu unalo sasa. Mwambie kuna chombo cha manukato Roma ambacho mama alimpa binti yake miaka zaidi ya elfu mbili na mia tatu iliyopita, na begi limechorwa juu yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe afya tuitumie katika kheri, awaponye mama zetu wenye maradhi, na azitie baraka nyumba zetu. Amin.